Waacheni Mashekhe Wahitilafiane

Wapigania mageuzi wa Kisii na Nyamira, pamoja nanyi waumini ambao waraka huu huwafikia mlangoni pa kanisa:

Umezuka mtindo mbaya katika mikutano yetu, nao sharti ukemewe kabla haujaota mizizi. Kila panapopangwa maandamano ya amani, husimama mtu akauliza: "Na Waislamu je? Mbona hawana msimamo mmoja?" Mwingine humjibu kwamba amemsikia shekhe fulani redioni akisema maandamano ni haramu, basi Waislamu ni watu wa serikali. Wa tatu naye hutoa simu yake mfukoni, akamwonyesha shekhe mwingine anayewahimiza vijana watoke, basi Waislamu ni watu wa fujo. Katika muda wa dakika tano umma mzima umehukumiwa mara mbili, kwa mashtaka mawili yanayopingana, wala hakuna aliyemwita hata mmoja wao atoe ushahidi.

Nasema waziwazi kwamba mashtaka yote mawili ni ya uvivu. Tofauti ya mashekhe juu ya maandamano, ikiendeshwa kwa adabu, ni afya ya dini yao na ni faida kwetu sisi tunaodai haki. Anayetaka kuifuta tofauti hiyo, awe waziri au awe mwanaharakati, anataka jambo lile lile tulilolipinga tangu zama za chama kimoja: sauti moja, kinywa kimoja, na wengine wote kupiga makofi.

Hapa Gusii Waislamu ni wachache. Wengi wetu tunawajua kama majirani wa mjini Kisii: jamii ya Wanubi ambao wazee wao waliletwa na jeshi la mkoloni, wafanyabiashara wa asili ya Pwani na ya Kisomali, na Abagusii wenzetu waliosilimu. Uchache huo umetufanya tuwe wepesi wa kusema juu yao na wazito wa kusema nao. Kwa hiyo inafaa turudi nyuma kidogo, tuone suala hili lilivyotuhusu sote.

Wako wanaodhani kwamba Waislamu wa Kenya waliipokea demokrasia ya vyama vingi kama mgeni aliyekuta chakula kimeiva. Hayo si kweli. Mwaka 1968 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, aliandika kijikaratasi kilichouliza Kenya inaelekea wapi, na kwa ajili ya kijikaratasi hicho akatiwa gerezani tangu 1969 hadi 1972. Mwaka 1982 Al-Amin Mazrui, mwalimu wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Kenyatta, aliwekwa kizuizini bila kushtakiwa. Na zamani zaidi, mwaka 1930, Shekhe Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha Mombasa gazeti dogo la Sahifa, kisha 1932 akatoa Al-Islah, na humo akawaambia watu wake kwa Kiswahili fasaha udhaifu wao na dhuluma za waliowatawala. Shekhe huyo baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Hakuongoza maandamano barabarani, bali kalamu yake ilitembea mahali ambapo miguu ya watu ilikuwa haijathubutu kufika.

Ukaja mwaka 1992. Kifungu cha 2A kilikuwa kimefutwa Desemba 1991, na vyama vikaanza kuchipuka. Mombasa kikaundwa Chama cha Kiislamu cha Kenya, IPK. Serikali ya Moi ikakataa kukisajili, ikidai kwamba haiwezi kuruhusu chama cha dini. Mei 1992 wahubiri wa viwanja vya Mwembe Tayari walikamatwa, na mji ukalipuka. Sauti iliyosikika kuliko zote ilikuwa ya Shekhe Khalid Balala, mwenye ulimi mkali, ambaye hakumwogopa askari wala waziri.

Je, Waislamu wote walikuwa nyuma yake? La, hasha. Shariff Nassir, mbunge wa Mvita na kigogo wa Kanu Mombasa, alikipinga chama hicho usiku na mchana. Baraza Kuu la Waislamu wa Kenya, Supkem, lililoundwa 1973, halikutaka kujitia katika mvutano na serikali. Wako wanavyuoni ambao hawakuipenda Kanu hata kidogo, lakini waliona kwamba lugha ya Balala itawaletea vijana mabomu ya machozi na risasi bila kuwaletea haki. Na ndani ya IPK yenyewe, Balala na viongozi wenzake wakaja kutengana. Likaundwa vilevile kundi la United Muslims of Africa, lililojulikana kuwa na baraka za Kanu, ili Mwislamu Mwafrika amtazame Mwislamu wa asili ya Kiarabu kwa jicho la uadui. Balala mwenyewe alipokwenda Ulaya, serikali ilikataa kumpa pasipoti mpya, akabaki Ujerumani hadi 1997.

Nimeyaeleza haya kwa sababu ndani yake mna mambo mawili ambayo wengi wetu huyachanganya. La kwanza ni tofauti ya kweli kati ya watu wenye elimu na uchaji: je, njia hii ni halali, na je, ina faida? La pili ni ugomvi ulionunuliwa, wa kumgawa mtu kwa rangi yake na kabila lake. Utawala wa kimabavu hauna ugomvi na tofauti ya pili, huigharamia. Lakini tofauti ya kwanza huuchukia, kwa maana watu waliozoea kujadiliana kwa hoja msikitini siku ya Jumamosi hawawezi kudanganywa kwa urahisi kwenye mkutano wa hadhara siku ya Jumapili.

Basi tuitazame hiyo tofauti ya kwanza kwa utulivu.

Kwanza wasomaji wetu Wakristo wafahamu fatwa ni nini. Katika mazungumzo ya mitaani, neno hilo limefanywa kuwa amri ya kutisha. Fatwa ni jibu la mwanachuoni kwa mtu aliyemwuliza swali la dini. Haifanani na hukumu ya kadhi, ambayo huwafunga walioshtakiana mbele yake. Waislamu wa Kisunni hawana Papa, wala hawana Konferensi Kuu itakayokaa na kupiga kura. Ana haki mwulizaji kwenda kwa mwanachuoni mwingine, na ana haki mwanachuoni wa pili kusema kwamba wa kwanza amekosa. Katika mapokeo yao, mtaalamu aliyejitahidi kwa ikhlasi akapata ana thawabu mbili, na aliyejitahidi akakosa ana moja. Itafakarini hesabu hiyo, enyi watu wa kamati zetu ambao mkipingwa katika ajenda moja mnamwita mwenzenu kibaraka!

Wanaokataza maandamano husimama juu ya Sura ya Nne ya Kurani, aya ya 59, inayowaagiza waumini wamtii Mungu, wamtii Mtume, na wenye mamlaka miongoni mwao. Husema kwamba mtawala hunasihiwa, tena kwa faragha, wala hafedheheshwi sokoni. Husema kwamba maandamano hufungua mlango wa fitina, na mlango ukishafunguka, hakuna ajuaye nani ataingia. Shekhe Abdulaziz bin Baz wa Saudia, aliyefariki 1999, alikuwa na rai hii, na Machi 2011, wakati nchi za Kiarabu zilipokuwa zikitikisika, Baraza la Wanavyuoni Wakuu wa Saudia lilitoa tamko kwamba maandamano hayajuzu.

Wanaoruhusu nao wana nguzo zao. Hutaja hadithi ya Mtume isemayo kwamba jihadi iliyo bora ni neno la haki mbele ya mtawala dhalimu. Hutaja aya ya 148 ya Sura hiyo hiyo ya Nne, ambamo aliyedhulumiwa ametolewa katika katazo la kutangaza maneno mabaya. Hutaja pia kisa kimoja kitakachowapendeza Abagusii, kwa jinsi tunavyojua kugombania mipaka ya mashamba. Mtu alimlalamikia Mtume juu ya jirani aliyemuudhi. Akaambiwa asubiri. Akarudi tena. Mwishowe akaambiwa atoe vyombo vyake vya nyumbani avitandaze barabarani. Kila aliyepita akamwuliza kulikoni, naye akaeleza, na wapitao wakamlaani yule jirani hata akaja mwenyewe kumsihi arudishe vyombo ndani. Hapo, wasema hawa, hapakuwa na upanga wala jiwe. Palikuwa na barabara, na watu, na dhuluma iliyoonyeshwa hadharani. Wanaopinga hujibu kwamba kisa hicho ni cha mtu na jirani yake, si cha raia na mtawala, na jibu hilo lina uzito wake.

Mwaka huo wa 2011, Februari, Shekhe Yusuf al-Qaradawi alisimama katika Medani ya Tahrir, Cairo, akawahutubia waliomwangusha Mubarak. Lakini haukupita muda mrefu, akayakana maandamano ya Bahrain kwa hoja kwamba yalikuwa ya kimadhehebu, kwa kuwa wengi wa waandamanaji wale walikuwa Washia. Siwezi kuliacha hili lipite. Ikiwa barabara ni halali kwa Mmisri aliyeonewa, itakuwaje haramu kwa mtu wa Bahrain aliyeonewa? Anayekataza popote na anayeruhusu popote wote wawili nawaheshimu zaidi kuliko yule anayeangalia kwanza nani anaandamana.

Na hapa niseme neno kwa wenzangu wenye hamaki, wanaodhani kwamba kila shekhe anayekataza maandamano amekula fedha za Ikulu. Imam Ahmad bin Hanbal wa Baghdad, ambaye watu wa rai ya kukataza humtegemea sana, hakukubali watu wamwasi Khalifa. Lakini Khalifa alipomtaka aikiri itikadi asiyoiamini, aliyekataa ni huyo huyo. Akatiwa gerezani, akapigwa mijeledi katika utawala wa al-Mu'tasim, wala hakugeuza neno lake. Kabla yake, Hasan al-Basri aliwazuia watu wa Basra wasijiunge na uasi wa Ibn al-Ash'ath dhidi ya dhalimu Hajjaj, ilhali Said bin Jubayr, mwanachuoni mkubwa kama yeye, alijiunga, na Hajjaj akaja kumwua. Hao wawili wamehifadhiwa na Waislamu katika daraja moja ya heshima. Hakuna anayemwita Hasan mwoga, na hakuna anayemwita Said mchochezi. Sisi tulioanza harakati juzi tumepata wapi ujuba wa kugawa vyeo hivyo?

Turudi nyumbani. Hoja iliyo na nguvu kuliko zote hapa Kenya, kwa maoni yangu, haikutoka Cairo wala Riyadh. Imetoka katika Katiba iliyopitishwa na wananchi tarehe 4 Agosti 2010. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa wenye mamlaka, kwa amani na bila silaha. Shekhe anayesema kwamba mtawala lazima atiiwe, na aulizwe basi kwa unyenyekevu: mtawala huyu ameapa kulinda nini? Ameapa kulinda Katiba. Kiapo ni ahadi, na Uislamu ni mkali mno juu ya kuvunja ahadi. Kijana anayetembea barabarani na bendera mkononi hajaasi mamlaka. Yuko ndani ya ahadi ambayo mamlaka yenyewe yameitia sahihi. Aliyetoka nje ya ahadi ni askari anayemfyatulia risasi. Kwa hiyo katazo lililoandikwa kwa ajili ya nchi ya ufalme, ambako raia hakupewa haki hiyo kwa sheria, haliwezi kuchukuliwa zima zima likabandikwa ukutani Kisii.

Wako mashekhe wa Kenya wanaoikubali hoja hii, na wako wanaoijibu. Jibu lao si la kisheria. Ni la makaburi. Husema: Juni 2024 vijana walitoka kwa amani kuupinga Mswada wa Fedha, na tarehe 25 Bunge likavamiwa, na risasi zikalia. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ikahesabu watu 60 waliouawa katika miezi ya maandamano ya mwaka ule. Tarehe 7 Julai 2025, Saba Saba ilipokumbukwa, tume hiyo hiyo ilihesabu 31 waliokufa, kisha idadi ikapanda. Imamu aliyesimamia mazishi hayo, aliyemwona mama akishindwa kusimama, akirudi mimbarini Ijumaa akasema, "Wanangu, msitoke," huyo amenunuliwa na nani? Mimi naamini amekosa katika hitimisho lake. Nitaeleza kwa nini. Lakini sitamkubali mtu amtukane mbele yangu.

Amekosa, kwa maoni yangu, kwa sababu katazo lake linamhesabia aliyeuawa kosa la aliyeua. Mswada ule wa Fedha uliondolewa tarehe 26 Juni 2024, siku moja baada ya damu kumwagika, baada ya kila nasaha ya faragha na kila barua ya heshima kupuuzwa. Hakuna mtu mwaminifu anayeweza kudai kwamba uliondolewa kwa ajili ya barua. Na kama damu ndiyo kipimo, basi tupime pia damu ya kunyamaza: mwaka 1992, mpakani mwa Borabu na Sotik, nyumba ziliteketezwa na Abagusii na Wakipsigis wakauana katika vita ambavyo havikuitwa maandamano, wala hakuna aliyetoa fatwa ya kuvikataza. Asiyeandamana si lazima awe salama. Haya nayasema kama hoja, nami nangojea jibu, kwa maana jibu lipo na nimelisikia: kwamba dhuluma ya serikali haihalalishi baba kumtoa mwanawe mbele ya bunduki. Mjadala uendelee.

Sasa ninyi watu wa makanisa. Mnauliza kwa nini Waislamu hawana sauti moja. Mliwahi kuwa nayo lini? Mwaka 1986, Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, lilipopinga upigaji kura wa mlolongo, kanisa la AIC lilijitoa katika Baraza. Mchungaji Timothy Njoya alipohubiri siku ya mwaka mpya wa 1990 kwamba upepo ulioangusha tawala za chama kimoja Ulaya Mashariki utafika na huku, wako watumishi wa Mungu waliomkemea kwa vifungu vya Warumi 13, kifungu ambacho ni ndugu wa aya ile ya 59. Askofu Okullu alisema, Askofu Muge alisema, Askofu Gitari alisema. Na wakati ule ule wako maaskofu waliokuwa wakifungua mikutano ya Kanu kwa sala. Machi 1992 maaskofu Wakatoliki waliandika waraka wa kuishutumu serikali juu ya mapigano ya kikabila. Je, Waadventista wa Nyamira waliandika waraka kama huo? Wengi wao walishikilia, na wengi bado wanashikilia, kwamba kanisa linangojea ufalme mwingine na halina chama duniani. Nyabururu na Nyanchwa mara nyingi hazikusema neno moja juu ya siasa tangu wamisionari walipozijenga, moja 1911 na nyingine 1912. Mbona hatukusema kwamba Ukristo umegawanyika kwa hiyo hauaminiki?

Tena tukumbuke kwamba George Anyona, mwana wa Kitutu Masaba, aliyewekwa kizuizini 1977 na kukamatwa tena 1990, kisha akahukumiwa miaka saba 1991 kwa shtaka la uchochezi, hakungoja makanisa ya Gusii yafikie maafikiano ndipo aseme alilokuwa nalo.

Tarehe 7 Julai 1997 polisi waliingia katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, Nairobi, wakatupa gesi na kupiga watu mbele ya madhabahu. Tarehe 2 Februari 2014 polisi waliingia katika Masjid Musa, Mombasa, na viatu vyao, wakakamata vijana zaidi ya 100, na damu ikamwagika. Najua mtaniambia kwamba misikiti miwili mitatu ya Mombasa wakati ule ilikuwa mikononi mwa watu wa siasa kali. Ni kweli, na hilo ndilo ninalotaka kulifikia, kwa sababu huko ndiko tofauti isiyo na adabu inakoishia.

Msikiti wa Sakina, Majengo, ulikuwa na imamu wake, Shekhe Mohammed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri wa Kenya. Aliwapinga waliokuwa wakiwaita vijana kwenye vita vya Somalia. Hawakumjibu kwa kitabu. Walimpigia kelele, wakamtoa katika msikiti wake, na Juni 2014, alfajiri, alipokuwa akienda kusali, akapigwa risasi akafa. Nani aliyempiga, si mimi wa kusema. Na kabla yake, Agosti 2012, alikuwa ameuawa Aboud Rogo, na Aprili 2014 Abubakar Shariff, ambao walikuwa upande wa pili kabisa, nao pia hawakuhukumiwa na mahakama yoyote juu ya mambo waliyoshutumiwa. Shekhe mpole akauawa, na shekhe mkali akauawa, na mwulizaji akabaki na swali lake asijue ampelekee nani. Nauliza basi: waliohoji kwa nini Waislamu hawana sauti moja, je, hiyo ndiyo njia ya kuipata?

Imam Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yafuatwayo na Waislamu wengi wa Pwani yetu, alikuwa akiona kwamba dua ya kunuti husomwa katika sala ya alfajiri. Imesimuliwa kwamba aliposali alfajiri karibu na kaburi la Abu Hanifa mjini Baghdad, aliiacha, kwa sababu Abu Hanifa hakuwa na rai hiyo. Hakubadilisha mawazo yake. Alimstahi mwenziwe aliyelala kaburini. Abagusii mnalo neno la jambo hili, chinsoni, heshima inayomfanya mtu ajue pa kusimama na pa kunyamaza mbele ya mwenziwe. Tunaifundisha kwa watoto kuhusu wazazi, kisha tunaisahau pale tunaposhika kipaza sauti.

Serikali nayo isijifiche. Kila mwaka wa msukosuko, hutafutwa viongozi wa dini, huketishwa mstari wa mbele, kisha huulizwa mbele ya kamera waseme kwamba maandamano ni dhambi. Nayasema haya juu ya mashekhe na juu ya maaskofu sawasawa. Rai aliyoifikia mwanachuoni chumbani mwake, juu ya vitabu vyake, ni fatwa hata kama siipendi. Rai iliyoombwa na ofisi ya serikali, ikasomwa kutoka jukwaa la serikali, na gari la serikali likamrudisha msomaji nyumbani, hiyo itafutiwe jina lingine. Na wanavyuoni wanaokataza maandamano wawe wa kwanza kuliona hilo, kwani heshima inayoharibiwa ni yao. Kama nasaha ya faragha ndiyo njia, na iwe nasaha kweli: aambiwe mtawala faraghani yale ambayo vijana wanayasema barabarani, bila kupunguza.

Kwa nini nawasumbua watu wa Kisii na Nyamira kwa mambo haya? Kwa sababu tuna ushahidi kwamba tunaweza kufanya vizuri zaidi. Desemba 1999, katika Jumba la Ufungamano, Nairobi, Wakatoliki, NCCK, Supkem, Wahindu na wengineo walikaa meza moja kuanzisha safari ya wananchi kuandika Katiba wakati Kanu ilipotaka kuifungia Bungeni. Hakuna aliyemtaka mwenziwe abadili kwanza itikadi yake juu ya mtawala. Walikubaliana juu ya kazi. Miaka kumi baadaye, 2010, makanisa mengi yalipiga kampeni dhidi ya Katiba, sababu moja ikiwa mahakama za Kadhi, mahakama ambazo zilikuwamo hata katika Katiba ya uhuru. Waislamu walikumbuka Ufungamano. Sisi tulikuwa tumeisahau. Bahati njema wapiga kura wengi hawakutusikiliza.

Kwa hiyo naziomba kamati za kata na za mji, kuanzia mkutano ujao, ziache kabisa desturi ya kumtaka imamu atoe tamko jukwaani. Mwiteni aje kama jirani. Akiwa ni wa rai ya kukataza, yako mengi anayoweza kuyafanya bila kuvunja dhamiri yake: kumtetea aliyekamatwa, kumtembelea kituoni, kuchangia gharama za hospitali, kuandika barua kwa gavana, kuwa shahidi. Akiwa ni wa rai ya kuruhusu, na atembee nasi, wala asitumiwe kama fimbo ya kumpigia mwenziwe. Vijana Waislamu waliotoka Juni 2024 hawakuhitaji tuwachagulie mufti. Walijiulizia wenyewe kwa walimu wao, wengine wakatoka, wengine wakabaki, na wakasali safu moja.

Na ratiba zetu ziangaliwe upya. Mkutano unaoitishwa Ijumaa saa saba mchana umewafukuza Waislamu kabla hawajaja. Unaoitishwa Jumamosi umeifukuza nusu ya Nyamira, na Jumapili asubuhi mnaijua wenyewe. Zimebaki siku nne, pamoja na jioni. Katibu wa kila kamati alete pendekezo la siku, na orodha ya watu aliowauliza kabla ya kuipendekeza.